Waelimishaji wa Lishe wa Jamii na Ufundishaji wa Mtandaoni Nchini Marekani: Mtazamo wa Kihistoria

Machi 2020, UVIKO-19 ulipofunga kumbi za mafunzo, waelimishaji wa lishe wa jamii nchini Marekani walilazimika kufundishia mtandaoni. Ni kawaida kuyaona mabadiliko hayo kuwa jambo lisilo na mfano. Makala hii haikubaliani na mtazamo huo.

Tarehe 4 Oktoba 1926, Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilianza kurusha redioni kipindi cha mapishi na lishe chini ya mhusika wa kubuni, Aunt Sammy. Wanawake mbalimbali, kila mmoja katika kituo chake, walisoma mswada uleule ulioandaliwa na Wizara. Sauti ilifika mbali, lakini msomaji hakuweza kuona sufuria ya msikilizaji ina nini.

Programu ya elimu ya chakula na lishe iitwayo kwa kifupi EFNEP, iliyoanza mwaka 1969 ndani ya mfumo wa ugani wa vyuo vikuu, ilishika njia tofauti. Iliajiri watu kutoka katika jamii zilezile zenye kipato cha chini, ikawapa mafunzo, kisha ikawatuma nyumba kwa nyumba. Mtaji wao haukuwa shahada. Walijua bei za duka la mtaani, waliifahamu lugha ya mwenye nyumba na, zaidi ya yote, waliliona jiko lake. Baadaye gharama za kumtembelea mtu mmojammoja ziliisukuma programu kwenye madarasa ya vikundi. Kwa hiyo, kufikia 2020 mwelimishaji alikuwa amekwisha kutoka jikoni kwa kiasi kikubwa. Skrini haikumtoa huko. Jambo hili halitiliwi mkazo wa kutosha.

Tena, skrini ilimrudisha kwa namna fulani. Mshiriki aliyepika mbele ya kamera alipika kwa jiko lake na kisu chake. Angeweza pia kuizima kamera, kama vile mwenyeji wa 1969 alivyoweza kutofungua mlango.

Ugumu mkubwa ulikuwa katika upimaji. EFNEP humtaka mshiriki ataje kila alichokula na kunywa katika saa 24 zilizopita, mwanzoni na mwishoni mwa mafunzo. Darasani, vikombe na vielelezo vya chakula humsaidia kukadiria kiasi. Kwa simu, vyote hivyo haviko mezani. Kuonja pamoja nako kulitoweka.

Wasio na intaneti walipigiwa simu au kutumiwa masomo kwa posta. Ruzuku ya serikali iliyopunguza gharama ya intaneti kwa kaya maskini, kwa kawaida hadi dola 30 kwa mwezi, ilikoma Juni 2024 fedha zilipokwisha. Mtafiti atakayetumia kumbukumbu za kipindi hiki azingatie kwamba rejesta humwonyesha aliyejiandikisha. Kaya ambayo haikuwahi kuunganishwa haimo ndani yake, hata kama miaka michache kabla ya hapo mama wa kaya hiyo alikuwa akiketi katika safu ya mbele ya darasa.