Nitrati na nitriti

Nitrati ni chumvi ya naitrojeni na oksijeni. Nitriti ni jamaa yake wa karibu, iliyopungukiwa na atomu moja ya oksijeni. Herufi moja tu hutofautisha majina hayo, lakini nitriti ndiyo yenye sumu kali zaidi: Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 50 za nitrati katika lita ya maji ya kunywa, na 3 tu za nitriti.

Hatari ya nitrati hutegemea chanzo cha maji. Mji wa Garissa, nchini Kenya, hunywa maji ya Mto Tana. Mji wa Wajir, nchini humo humo, hutegemea visima vifupi vilivyochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, maji yakiwa mita chache tu chini, hivyo shimo la choo huyafikia upesi. Ndiyo maana vyoo vya ndoo vilitumika huko kwa miaka mingi. Naitrojeni ya mkojo, kinyesi na samadi ya ngamia wanaonyweshwa kando ya kisima hugeuzwa na bakteria wa udongoni kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo huingia kisimani.

Tumboni mwa mtoto mchanga safari hiyo hurudi nyuma. Nitrati huwa nitriti, damu hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikageuka buluu. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji ya visima hivyo. Kuyachemsha ni kosa la kusikitisha, kwa kuwa nia ni njema: vijidudu hufa, lakini maji yakipungua sufuriani nitrati huzidi kukolea. Maziwa ya mama ni salama.