Bakuli la Mbwa na Ugonjwa wa Bwana Wake

Mwulize mtu wa kwetu mbwa wake hula nini, naye atakujibu bila kufikiri: hula makombo. Aghalabu makombo hayo ni ugali, au ukoko uliokwanguliwa sufuriani. Jibu hilo si la aibu, kwani tangu kale mbwa hula alacho bwana wake. Lakini iko nchi ambayo makombo ya mahindi yaliwaua mbwa wengi, na katika kuchunguza maradhi yao ndipo kilipovumbuliwa kile kilichopungua katika miili ya watu.

Nchi hiyo ni Marekani, katika majimbo yake ya kusini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa pamba na vibarua wa viwanda vya nguo waliishi huko kwa unga wa mahindi, asali nyeusi ya miwa na mafuta ya nguruwe. Maelfu yao walipatwa na pelagra: ngozi ilibabuka palipopigwa na jua, tumbo likaendesha, akili ikavurugika, kisha mauti. Mbwa wao nao walikuwa na ugonjwa ulioitwa ulimi mweusi. Mbwa alisusa chakula, mate yenye damu yakamtoka, kinywa kikaoza na kunuka, ulimi ukaingia weusi, naye akafa. Mwaka 1916 daktari wa wanyama aitwaye Spencer aliuliza kwa maandishi kama maradhi haya mawili si mamoja.

Kuuliza hivyo kulitaka ujasiri, maana matabibu wengi walishikilia kwamba pelagra huambukiza. Joseph Goldberger, tabibu wa serikali, alikwisha kuonyesha mwaka 1915, katika shamba la gereza huko Mississippi, kwamba wafungwa 11 wenye afya wakilishwa chakula cha kimaskini kwa miezi kadhaa, sita kati yao huugua. Hakusadikiwa. Yeye na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa, wala wasiugue. Bado wengine hawakusadiki. Wakuu wa kusini waliona ni matusi kuambiwa kwamba watu wao wana utapiamlo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mbwa alipofaa kuliko hoja, kwa kuwa mbwa hana fahari ya jimbo lake.

Katika maabara, mbwa waliopewa chakula kile kile kila siku walikinai, wakatiliwa hamira kidogo ili wapate hamu ya kula. Ajabu ni kwamba waliokula hamira hawakuugua. Basi mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927, hamira iligawiwa kwa watu. Goldberger alifariki mwaka 1929 asijue ni kitu gani kilichokuwamo ndani yake. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, waliipata katika maini asidi ya nikotiniki, iitwayo sasa niasini. Wakampa mbwa mwenye ulimi mweusi, naye akapona. Haukupita muda mrefu wagonjwa wa pelagra nao wakatibiwa kwa dawa iyo hiyo.

Mahindi hayakosi niasini. Imo, ila imefungamana hata tumbo haliwezi kuifungua. Wenyeji wa Meksiko tangu zamani huchemsha mahindi kwa chokaa, nayo chokaa huifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na kufika kwetu, mbegu ilipanda merikebu, maarifa ya chokaa yakabaki pwani.

Mbwa, kama mwanadamu, aweza pia kujitengenezea niasini kutokana na nyama, mayai na samaki. Kwa hiyo naona mbwa koko, tunayemdharau, ana nafuu yake: huokota utumbo wa samaki hapa na mfupa kule, akatengeneza mlo wake mwenyewe. Anayestahili kuhurumiwa ni mbwa wa kufungwa mnyororo mlangoni, anayengoja ukoko mkavu jioni hadi jioni. Huyo hana pa kwenda kutafuta kilichopungua. Ugali wake si sumu, bali hautoshi peke yake. Utiwe dagaa, au maini kidogo, au yai. Maharage yaliyopikwa yakalainika nayo yafaa, mradi yasiwe yameungwa kwa vitunguu, maana vitunguu humharibia mbwa damu.