Gari la Umeme na Kumbukumbu ya Mashine Kigoma

Katika vijiwe vya Bangwe, ambako waendesha bodaboda, mafundi na wavuvi hukutana jioni, habari za gari linalochajiwa kama simu zimefika kabla ya gari lenyewe. Wengi wameliona kwenye video. Wengine wamesimuliwa na jamaa zao walioko Dar es Salaam. Maswali yao ni machache na hurudiwa kila siku. Umeme ukikatika itakuwaje? Betri ikichoka nani atainunua nyingine? Fundi gani atathubutu kulifungua?

Sisi tuliosoma tumezoea kuyapokea maswali ya namna hii kwa tabasamu, tukiyahesabu kuwa ni woga wa mtu wa pembezoni mbele ya jambo jipya. Nashikilia katika makala haya kwamba tunakosea. Mji huu umekwisha kupokea mashine nyingi zilizokuja na ahadi kubwa, na maswali ya vijiweni yanatokana na yale ambayo mashine hizo ziliwafunza watu. Anayetaka kujua kama gari la umeme litafaa hapa aanze na historia hiyo.

Tuanze na Ujiji. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Ujiji ndio ulikuwa mji wa ziwa: mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, soko la pembe, chumvi, samaki, na kwa aibu ya historia yetu, la watumwa. Misafara hiyo ilibebwa kwa mabega ya wapagazi. Mwaka 1914 reli ya kati ya Wajerumani ililifikia ziwa, lakini haikuishia Ujiji. Iliishia kilomita chache kaskazini, kwenye ghuba ya Kigoma yenye maji ya kina yanayofaa kwa meli kubwa. Uamuzi mmoja wa wahandisi uliuhamisha mji. Kigoma ikapata stesheni, bandari na ofisi. Ujiji ikabaki na misikiti yake, miembe yake na sifa za zamani. Safari iliyowachukua wapagazi miezi sasa ilichukua siku chache, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafa. Hakuna anayeitamani irudi. Hata hivyo, jambo moja lilidhihirika: mashine inapokuja, mahali inaposimama huamua nani atafaidika nayo. Swali la leo kuhusu vituo vya kuchaji vitajengwa wapi ni swali hilohilo katika vazi jipya.

Mashine ya pili ni meli. Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini mwaka 1915. Haikupita muda mrefu Wajerumani wakashindwa ziwani, na Julai 1916 waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo yake ingali inaweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba vizazi vya wasafiri, wafanyabiashara na wakimbizi.

Habari za Liemba husimuliwa kama mwujiza, ilhali maelezo yake ni ya kawaida kabisa. Meli hiyo iliishi kwa kuwa ilikuwa mashine inayofunguka. Fundi mwenye zana, chuma na subira aliweza kuona kilichoharibika na kukitengeneza. Hata injini yake ya mvuke ilipobadilishwa kuwa ya dizeli katika miaka ya 1970, gamba lilibaki lilelile. Na katika miaka ya karibuni, iliposimama kwa muda mrefu ikisubiri ukarabati, watu wa mwambao wa kusini walionja tena maana ya kutegemea chombo kimoja ambacho fedha za kukitengeneza huamuliwa mbali.

Mashine ya tatu ni jenereta. Kwa miongo mingi Kigoma haikuwa sehemu ya gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya TANESCO yaliyokunywa dizeli iliyosafirishwa kutoka pwani, umbali unaokaribia kilomita 1,250 kwa reli. Shirika lilitumia fedha nyingi kuzalisha umeme huo kuliko lilizokusanya kwa kuuuza. Mwaka 2008, chini ya mpango wa Marekani wa Changamoto za Milenia, ulikuwapo mradi wa kuzalisha umeme wa maji katika maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Ukaachwa baada ya kuonekana kwamba ungehatarisha viumbe wa mto huo, na mahali pake zikaja paneli za sola kwa shule, vituo vya afya na huduma nyingine za vijijini. Wazo la Malagarasi limerudi sasa kama mradi wa megawati 49.5 kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni mwaka 2022 tu ndipo mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa.

Kwa hiyo mtu wa Bangwe anapouliza umeme ukikatika itakuwaje, anauliza kwa uzoefu wa nusu karne. Na historia ya nchi nzima haimkanushi. Mwaka 2023 taifa lilikuwa katika mgao. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, haukupita muda ikasimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likaeleza kuwa ngedere na bundi walihusika. Watu walicheka sana, lakini treni ile haijaachwa kwa sababu ya ngedere. Inaendelea kubeba maelfu. Mashaka yalikuwa na msingi, na mashine nayo ilikuwa na manufaa. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Wala gari la umeme lenyewe si jipya kama tunavyodhani. Mwaka 1900, magari ya umeme yalikuwa zaidi ya theluthi moja ya magari yaliyoundwa Marekani, yakiyazidi yale ya petroli. Yalikuwa kimya, hayakutoa moshi, wala hayakuhitaji kuwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Yalishindwa baadaye kwa sababu mafuta yalipatikana kila mahali, barabara zilirefuka kuliko uwezo wa betri, na mwaka 1912 petroli ikapata starta ya umeme. Gari lililokuwa bora kwa mambo mengi liliangushwa na mtandao ulioizunguka mashine nyingine. Huo ndio wasiwasi wa kijiweni kwa lugha ya wanahistoria: chombo huishi ndani ya mfumo wake, na mfumo usipokuwapo uzuri wa chombo hausaidii kitu.

Karibu na kwetu, Uganda inatufunza sura nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilionyesha gari dogo la umeme lenye viti viwili, Kiira EV, jina ambalo pia ni la kituo cha umeme wa maji huko Jinja. Shangwe ilikuwa kubwa, na mashaka pia: nani atalinunua, na lini? Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za sola. Wenye haraka walisema mradi umekufa kwa kuwa magari hayakujaa barabarani. Lakini matunda yake ya kwanza yalikuwa wahandisi, kisha kampuni, kisha mabasi. Waganda walianza na swali la nani atajua kuliunda na kulitengeneza, wakaliacha swali la nani atalinunua lije baadaye. Rwanda ilianza kwa majaribio ya magari machache ya Volkswagen jijini Kigali mwaka 2019. Ethiopia, inayotegemea mabwawa yake, ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024 ikazuia kuingizwa kwa magari binafsi ya mafuta. Kila nchi ilijibu kwa kadiri ya nishati na ujuzi ilionao.

Je, Kigoma ijibu vipi? Hapa ndipo wenye mashaka nao wanapaswa kuvumilia kuulizwa. Orodha za bei za EWURA huonyesha kila mwezi kwamba lita ya petroli Kigoma ni ghali kuliko Dar es Salaam, kwa sababu mlaji wa huku analipia pia safari ya lita hiyo. Bei ya umeme wa TANESCO haiko hivyo: uniti moja huuzwa kwa kiwango kilekile kwa wateja wa kundi moja, awe Kariakoo au Bangwe. Tafakari maana yake. Petroli hututoza umbali, umeme hautozi. Kwa hiyo mkoa ulioadhibiwa na umbali tangu enzi za wapagazi ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuutaka usafiri wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limeongeza umeme wa taifa. Kilichobaki ni kuufikisha mwisho wa njia bila kukatikakatika.

Hatari iliyopo ni kwamba mapinduzi haya yatatupita huku yakitumia mlango wetu. Ng'ambo ya ziwa iko Kongo, inakochimbwa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika aina nyingi za betri. Kaskazini yetu kuna nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na ile ya Musongati, Burundi, ambayo reli inayokusudiwa kutoka Uvinza inaitazamia kama mzigo wake mkuu. Kigoma imewahi kuwa mlango wa namna hiyo. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza maeneo ya bandari hapa na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite. Mizigo ilipita. Mji ulibaki ukihesabu mabehewa.

Ndiyo maana naona mjadala wetu uondoke kwenye kusifu au kubeza gari, uingie kwenye masharti yake. Watumishi wa umma wanaopanga mji waeleze vituo vya kuchaji vitakuwa wapi, na kama Ujiji, Bangwe na Kibirizi zitahesabiwa au zitaachwa kama Ujiji ilivyoachwa mwaka 1914. Vyuo vya ufundi vianze sasa kufundisha betri na mota, kwani fundi wa gereji asipofundishwa leo ndiye atakayekuwa mpagazi wa kesho. Sheria iulize umri na hali ya betri ya gari kuukuu linaloingizwa nchini, maana gari la umeme lililochoka huja na moyo uliochoka, na kuubadilisha moyo huo kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe. Tuanze na vyombo vinavyotumika kila siku, yaani bodaboda, bajaji na mabasi ya mjini, ambavyo mwendo wake ni mfupi na ambavyo mapato yake hutafunwa na petroli, kabla ya kuyafikiria magari ya wakubwa.

Wanaharakati nao wana kazi. Ahadi ya mashine ikitolewa jukwaani, waulize tarehe, bajeti na jina la ofisi itakayowajibika. Huko si kupinga maendeleo. Mafundi wa Götzen walijua kwamba chombo kinaweza kuzama, na kwa sababu walijua hivyo, walikipaka grisi.

Maswali ya vijiwe vya Bangwe ni grisi ya namna hiyo. Tukiyasikiliza na kuyajibu kwa vitendo, gari la umeme litakapofika Kigoma litakuta umeme, fundi na kituo vinalisubiri. Tukiyapuuza, litafika vilevile. Ila litaegeshwa uani, likifunikwa turubai, na wenye kijiwe watakuwa na simulizi moja zaidi ya kuwasimulia wajukuu.