Mahame si Gofu

Meli yenyewe tumekwisha kuipa jina. Kila inapofunga gati Mombasa au Unguja, magazeti huandika "meli ya kitalii", na msomaji anaelewa bila kuuliza. Kisichokuwa na jina ni kile wanachokifanya waliomo: kupanda chombo pale Piraeus, bandari ya Athens, kulala humo, kuamkia kisiwa kingine asubuhi, kushuka kutazama kuta za kale, kurudi melini jioni, na mwisho wa yote kuteremkia walikopandia. Wapo wanaoandika "safari ya kitalii ya baharini", na kufika mwisho wa fungu hilo pumzi imekwisha. Wapo wanaolichukua neno la Kiingereza, cruise, lilivyo. Mimi nasema neno tunalo, nalo ni matembezi.

Anayesafiri ana anakokwenda. Anayetembea, kwa maana ya watu wa pwani, huenda kumtazama shangazi, au kupunga upepo, kisha akarudi kwake, na hakuna anayemuuliza alifuata nini. Zanzibar kazi ya kuwazungusha wageni imeitwa kutembeza watalii tangu zamani, na hakuna aliyeona neno hilo limepungukiwa. Hilo neno la Kiingereza nalo limetoka kwa mabaharia wa Uholanzi, na asili yake ni kukatiza bahari huku na huku. Sisi chombo cha tanga kikikatiza hivyo ili kuushinda upepo wa mbele tunasema kinabisha, na hakuna nahodha aliyewahi kubisha kwa starehe. Basi na tuseme matembezi ya baharini.

Nayasema haya baada ya kuyafanya, pamoja na mke wangu, watoto na mama mkwe wangu, ambaye baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Tulizunguka upande wa mashariki wa Bahari ya Kati, Ugiriki na Uturuki, na nilichokuwa nikikitafuta mimi, mbali na picha za watoto, ni kama Kiswahili kitatosha. Kilitosha, na mahali pengine kilizidi.

Tuanze na jina la bahari. Mediterania ni neno la Kilatini lenye maana ya kilicho katikati ya nchi kavu, na "Bahari ya Kati" imeuchukua ujumbe huo vizuri kwa maneno mepesi. Warumi walipoitawala pande zote waliiita bahari yetu. Waarabu huiita Bahari Nyeupe ya Kati, na Waturuki nao huiita nyeupe, Akdeniz. Utata kwetu uko kwenye jirani yake. Kiswahili cha Biblia kina Bahari ya Shamu, na Shamu ni Syria, nchi ambayo pwani yake yote iko kwenye Bahari ya Kati. Hata hivyo Bahari ya Shamu ni ile nyekundu, inayotenganisha Misri na Uarabuni. Nadhani waliotuachia jina hilo waliitazama bahari kama njia, wakaiita kwa nchi ambayo msafiri aendaye kaskazini angeikaribia akiimaliza. Anayeandika leo kuhusu Latakia au Tartus aseme Bahari ya Kati, asije akampeleka msomaji kwa Musa.

Kuhusu chombo sina mengi, maana hapa lugha yetu ni tajiri na tatizo ni uvivu wetu tu. Sakafu ya juu ni sitaha. Mbele ni omo, nyuma ni tezi au shetri. Chumba chenye kibaraza kinachoning'inia juu ya maji, kile ambacho wenye meli hukitoza bei kubwa zaidi, ni chumba cha roshani. Kule Santorini, chini ya mji wa Fira, hakuna gati la meli kubwa, kwa hiyo abiria hushushwa kwa mashua. Nimesoma mahali mashua hizo zikiitwa tishali. Hapana: tishali ni ya shehena, na binadamu si magunia.

Neno lililonifurahisha kuliko yote ya melini lilitoka kwa mama mkwe. Kwenye Bahari ya Aegean majira ya kiangazi huvuma upepo mkali wa kaskazini ambao Wagiriki huuita meltemi. Tulikuwa sitahani, vikombe vya chai vikitambaa juu ya meza vyenyewe, mtandio wake ukimpiga usoni. Akasimama, akaushika mkono wa mjukuu wake, akasema, "Twende demani." Mtoto akadhani demani ni jina la mkahawa. Demani ni upande wa chombo uliokingwa na upepo. Upande unaopigwa ni wa goshi. Wazungu wana majina ya kulia na kushoto kwa chombo, na sisi pia twaweza kusema kulia na kushoto, lakini mabaharia wetu walijali zaidi upepo uko wapi, kwa sababu upepo ndio uliowasukuma. Meli ya injini yenye ghorofa kama hoteli haina tanga hata moja, na bado kila abiria aliyekuwa pale alikuwa akitafuta demani bila kujua jina lake.

Niliwaza pia kama meltemi tungeweza kuuita kaskazi. Unatoka kaskazini, ni kweli. Lakini kwetu kaskazi ni upepo na ni msimu wake, takriban Desemba hadi Machi, wakati wa joto na wa vyombo kushuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Meltemi unavuma katikati ya mwaka, pwani yetu ikiwa kwenye kusi. Ukimwambia mtu wa Lamu kwamba Julai kulikuwa na kaskazi atakuona umechanganyikiwa. Jina la wenyewe libaki.

Yako pia maneno yaliyokosa kazi. Kwenye bandari ndogo ya Mandraki, kisiwani Rodo, watoto wetu walikaa juu ya ukuta wa gati wakingoja maji yapwe waokote vitu. Jiwe lenye ukungu wa kijani lilikuwa limelowa sentimita zilezile asubuhi na alasiri. Bahari ya Kati karibu imefungwa pande zote, na sehemu nyingi kupwa na kujaa kwake hakufiki hata nusu mita, ilhali Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita nne. Bamvua, maji mafu, maji ya kupwa: msamiati huo wote, ambao mvuvi wetu hawezi kupanga siku yake bila huo, pale hauna cha kuufanya.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Vijitabu vya utalii, tafsiri za makala za ng'ambo na hata vipindi vya redio vina neno moja kwa kila kitu cha kale kilichosimama au kulala: magofu. Magofu ya Efeso, magofu ya Athens, magofu ya Knossos, magofu ya Rodo. Huko ni kuwanyima wasomaji tofauti ambazo lugha yao imezipanga vizuri mno.

Gofu ni jengo. Ni kilichobaki cha nyumba baada ya paa na milango kwenda. Ndiyo maana mtu aliyekondeshwa na maradhi huambiwa amekuwa gofu la mtu. Parthenon juu ya kilima cha Athens ni gofu kwa maana kamili. Lilijengwa kati ya 447 na 432 KK, likawa hekalu, kanisa, kisha msikiti, na paa lake lilikuwepo hadi 1687, pale kombora la Wavenisi lilipoiangukia baruti ambayo Waosmani walikuwa wameihifadhi ndani. Jengo lilipasuka katikati. Lakini mji unaolizunguka haujahamwa. Chini ya kilima watu wanaanika nguo na kuuza mikate.

Mahame ni kitu kingine. Ni mahali ambapo watu walikuwa wakiishi, wakahama. Neno limebeba kitenzi ndani yake, na kitenzi hicho ndicho historia ya Efeso. Mji huo ulikuwa bandari kubwa. Kutoka kwenye ukumbi wa michezo unaosemekana kuingiza watu wapatao 25,000 inaanza barabara pana ya marumaru, yenye nguzo pande zote, inayoteremka moja kwa moja hadi bandarini. Maandishi yaliyokutwa hapo yanataja taa zilizoimulika usiku. Tuliifuata kwa macho hadi mwisho wake, na mwisho wake ni majani na matete. Mto ambao Waturuki huuita Küçük Menderes ulileta tope mwaka baada ya mwaka. Warumi walijaribu mara kadhaa kuiongezea bandari kina, mto ukawashinda. Leo bahari iko kama kilomita tano kutoka pale.

"Bibi, bahari iko wapi?" mtoto aliuliza.

"Imekwenda zake, mjukuu wangu."

Kisha akanigeukia. "Watu wa hapa walikufa au walihama?"

Nikamtafsiria mtembezaji wetu swali hilo. Akasema biashara ilihama kwanza, malaria ya vinamasi ikafuata, na watu wakaondoka kidogo kidogo kwa karne nyingi.

"Basi haya ni mahame," mama mkwe akasema, akaendelea kutembea.

Alikuwa amefanya kwa neno moja kazi ambayo kibao cha maelezo kiliifanya kwa aya nzima. Mtu aliyefika Gede, ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, atalielewa mara moja: misikiti, visima na kasri vipo, wenyewe hawapo. Lipo pia ganjo, lipo tongo. Kamusi huyaweka karibu sana na mahame, na mwandishi makini anaweza kuyagawia kazi. Mimi tongo ningeliachia mahali padogo, kitongoji au nyumba chache.

Rodo haihusiki na lolote kati ya hayo. Mji ulio ndani ya kuta zile, ambao Mashujaa wa Mtakatifu Yohana waliutawala kuanzia 1309 hadi Waosmani walipowatoa 1522, una watu mpaka leo. Paka wamelala kwenye vizingiti, pikipiki zinapita chini ya matao. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1988. Sisi neno lake tunalo tangu zamani, na 2000 likaingia kwenye orodha hiyohiyo: Mji Mkongwe. Mkongwe ni aliyezeeka na bado yupo.

Na yapo yanayofanyiwa majengo haya baadaye, ambayo sote huyatupia kwenye kapu la "ukarabati", neno lilelile la darasa linalopakwa rangi. Maktaba ya Celsus pale Efeso, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 2 juu ya kaburi la mwenye jina lake, ilikuwa imelala chini vipande vipande. Uso wake wa mbele uliinuliwa katika miaka ya 1970 kwa kuokota mawe yaleyale na kuyarudisha mahali pake. Huko ni kusimika: kukipa wima kilichoanguka. Knossos, kisiwani Krete, ni jambo jingine kabisa. Arthur Evans alianza kuchimba mwaka 1900, kisha akainua vyumba na nguzo nyekundu kwa saruji, akifuata alivyoamini kasri lilivyokuwa. Huko ni kujenga upya, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo, ajue ukuta anaoupiga picha una umri wa babu yake au wa ustaarabu wa Krete.

Mbele ya ile maktaba ya Efeso nilikumbuka kwamba sikuwa nimefika ugenini mikono mitupu. Karatasi tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki. Kalamu ilipita njia hiyohiyo, kutoka jina la Kigiriki la tete. Kanuni, falsafa, almasi na fanusi ni vivyo hivyo. Kasri lenyewe wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Kilatini la kambi ya askari. Njia ya maneno hayo imepita Misri na Shamu, ikashuka na pepo za msimu hadi kwetu. Mnara tu ndio una asili ya Kiarabu, mahali pa nuru. Na mnara maarufu kuliko yote duniani ulisimama kwenye bahari hii, kule Iskanderia, zaidi ya mita mia moja, hadi matetemeko ya ardhi yalipoumaliza. Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pake katika karne ya 15.

Iskanderia nimeiandika kwa makusudi. Watafsiri wa Biblia ya 1952 walituachia majina ya pwani hizi yakiwa yameshalainishwa kwa ulimi wetu: Efeso, Rodo, Kosi, Patmo, Mileto, Krete, Kipro. Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, inayosimulia chombo kilichotoka Krete kikavunjika Malta, waliliweka neno omo, na kwa sababu hiyo liko mdomoni mwa watu wa bara ambao hawajawahi kuliona jahazi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wahariri, mnapopokea makala ya utalii yenye neno "magofu" mara kumi, mwulizeni mwandishi kila mara: jengo limebomoka, mji umehamwa, au watu bado wapo? Nanyi wasomaji wenye wazee waliokuwa mabaharia, waulizeni majina ya pande za chombo, ya kamba zake na ya pepo, na myaandike wangali wapo wa kuyaeleza.