Mchezo wa vita na somo la delta ya Rufiji

MCHEZO wa vita ni zoezi ambalo makamanda hupambana kwa ramani, taarifa na amri bila risasi hata moja kufyatuliwa. Lengo ni kupima wanavyofikia uamuzi, na jinsi habari inavyosafiri kutoka kwa aliyeiona hadi kwa anayepaswa kuitumia.

Mfumo wake wa kisasa ulianzia Prussia, katika Ujerumani ya leo, mwaka 1824, ofisa wa jeshi Georg von Reisswitz alipowasilisha mchezo wa aina hiyo. Kila upande ulipeleka amri zake kwa mwamuzi na kuelezwa yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Amri zilichelewa kufika, kama ambavyo zingechelewa vitani.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika katika delta ya Rufiji, karibu na Mohoro, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilijificha humo baada ya kuizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, huko Zanzibar Septemba 20, 1914.

Kwa kuwa mikoko iliwazuia kuiona, Waingereza walifanya mazoezi kisiwani Mafia wakitumia manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey. Ndege zilitakiwa kueleza kwa simu ya upepo mahali makombora yalikoangukia.

Hata hivyo, Julai 6, 1915 mpango huo ulivurugika. Manowari zote mbili zilifyatua kwa wakati mmoja, na mwangalizi aliyekuwa angani akashindwa kutambua kombora lipi ni la manowari ipi. Makombora zaidi ya 600 yalifyatuliwa na Königsberg haikuangamizwa, huku Mersey ikipigwa na kupoteza mabaharia.

Julai 11 walirudi na kufyatua kwa zamu. Ndege ilipopigwa, mwangalizi Harwood Arnold aliendelea kutuma masahihisho wakati rubani John Cull akiishusha mtoni. Siku hiyo Königsberg iliteketea, na mabaharia wake wenyewe wakamalizia kuilipua.

Manowari, mizinga na mto vilikuwa vilevile. Kilichobadilika zaidi ni utaratibu wa kupashana habari.

Suala hilo linayahusu pia majeshi ya Afrika Mashariki, ambayo hukutana katika mazoezi ya pamoja ya Ushirikiano Imara, yaliyofanyika Jinja, Uganda, mwaka 2022 na Rwanda mwaka 2024. Majeshi yenye lugha na taratibu tofauti yanapoongozwa pamoja, ni lazima ijulikane mapema nani anampa nani taarifa, na kwa njia gani.

Rufiji kosa lilisahihishwa baada ya siku 5, watu wakiwa wamekwisha kufa. Mchezo wa vita hulitafuta kosa kama hilo likiwa bado mezani.