Kukopa maneno si umaskini wa lugha

Majuzi nikiwa katika kituo cha matatu hapa jijini Eldoret, mwanafunzi wangu wa zamani aliniamkia kwa sauti, "Shikamoo Daktari!" Mama mmoja aliyeketi karibu nami akageuka upesi akaniomba dawa ya goti. Nilipomwambia kuwa mimi ni daktari wa lugha, aliangua kicheko. "Sasa hiyo lugha inaumwa nini?"

Mama yule hakukosea. Neno 'daktari' tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa katika Kilatini, ambako 'doctor' alikuwa mwalimu, kutokana na kitenzi 'docere', yaani kufundisha. Waganga walipewa jina hilo baadaye kwa kuwa nao walisoma na kufuzu katika vyuo vikuu vya Ulaya.

Nalisimulia hili kwa sababu kila mwaka hukutana na vijana wanaoniambia eti Kiswahili ni lugha ya kuokoteza, Kiarabu hapa, Kireno pale, ilhali Kiingereza kimejitosheleza. Hebu tukitazame hicho Kiingereza.

Warumi waliivamia Uingereza mwaka wa 43 na kuitawala hadi karibu mwaka wa 410. Mwaka wa 597 wamishenari kutoka Roma wakafika na maneno ya kanisa na ya shule. Mwaka wa 1066 Wanormandi wakaiteka nchi, na Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikawa lugha ya wakubwa na ya sheria. Baadaye wanazuoni walichota maneno mengine moja kwa moja katika vitabu vya Kilatini. Leo zaidi ya nusu ya msamiati wa Kiingereza una asili ya Kilatini, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa. Mbona hatusikii mtu akikiita lugha ya kuokoteza?

Nasi Waswahili tumekinywa Kilatini hicho hicho kwa njia tatu. Ya kwanza ni Kiarabu, kilicholeta 'kandili' kutokana na 'candela', na 'dinari' kutokana na 'denarius', sarafu ya Warumi. Ya pili ni Kireno. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, na Wareno wakakaa pwani yetu kwa takriban miaka 200. Walituachia 'meza' (mensa), 'mvinyo' (vinum) na 'leso' (linteum). Walituachia pia 'gereza', kutoka 'igreja', neno lao la kanisa, ambalo Kilatini chenyewe kilikuwa kimelikopa kwa Wagiriki. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, nasi tukaliita jengo zima gereza. Waingereza walipoifanya Fort Jesus kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, maana ya kifungo ilikuwa na makao yake.

Njia ya tatu ni Kiingereza. 'Basi' ni mkia tu wa neno la Kilatini 'omnibus', yaani 'kwa wote'. 'Septemba' latokana na saba, 'Oktoba' na nane, kwa sababu mwaka wa kale wa Kirumi ulianza Machi.

Lakini tazama tulivyoyapokea. 'Vinho' la Wareno lilivikwa m- likawa 'mvinyo', kama mti na mkono. Gereza likazaa magereza, basi likazaa mabasi. Maneno ni ya wageni, ila sarufi inayoyaongoza ni yetu ya Kibantu.

Nami nina la kukiri. Nikiwa mhadhiri kijana, nilimkata alama kila mwanafunzi aliyeandika 'korti'. Nilimwandikia kwa wino mwekundu: mahakama! Sikujiuliza 'mahakama' tulilitoa wapi. Ni la Kiarabu. Nilimwadhibu mtoto wa watu kwa kukopa kwa jirani huyu, nikamsifu mwenzake kwa kukopa kwa jirani yule. 'Korti' lenyewe lina asili ya Kilatini, katika neno lililomaanisha ua uliozungushiwa ukuta. Alama zile siwezi kuzirudisha, lakini naweza kuomba radhi.

Sisemi tukope ovyo. Neno tulilo nalo likitosha, tulitumie. Ila tusikidharau Kiswahili kwa jambo ambalo Kiingereza kimelifanya zaidi.

Jiji hili lenyewe ni shahidi. Lilianzia kwenye shamba la walowezi lililopewa nambari 64. Wenyeji waliposikia 'sixty-four', waliligeuza likawa Sisibo, na hadi leo wazee hawasemi wanaenda Eldoret, wanaenda Sisibo. Neno ni la mgeni, lakini mlowezi mwenyewe angelisikia leo asingelitambua.