Maji ya chini ya mgodi na kisima cha jirani
Kipushi, karibu na Lubumbashi, uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini pampu ziliendelea kuvuta maji. Ilibidi: maji yanakaa ndani ya nyufa za mawe, na shimo likipita usawa wake yanaingia usiku na mchana. Mwaka 2011 pampu ziliharibika, maji yakapanda. Kuyashusha tena chini ya mita 1.150 kulifika mpaka mwisho wa 2013.

Sisi wenye kukaa kando ya migodi tuko na hesabu yetu: kampuni ikivuta sana, kisima cha jirani kinaweza kukauka. Kwa hiyo visima vipimwe mbele ya kuchimba, tangu wakati wa utafiti, mvua na kiangazi. Vipimo visipokuwepo, kampuni itasema ni kiangazi tu, na mwenye kisima hatakuwa na jibu.